Nani Aliyeyahesabu Mabara?

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa walimu na wanafunzi wa jiografia. Walioikosa wameiomba, basi naiweka nzima kama nilivyoisema. Ramani nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi wanafunzi mliojazana kule nyuma, hamjambo?

Kabla sijasema lolote naomba mikono. Anayesema mabara ya dunia ni saba, anyooshe. Naam, karibu ukumbi wote. Shusheni. Anayesema ni sita? Wapo, ila wananyoosha nusunusu, kama watu wasiotaka kuonekana. Matano? Mzee mmoja hapa mbele, na hana wasiwasi hata chembe. Manne? Mmoja. Asante ndugu yangu, nilikuwa nakusubiri.

Kuna binti kule karibu na mlango hakunyoosha mkono hata mara moja. Mwanangu, kwa nini? Hebu sema kwa sauti, wote wakusikie.

Anasema: "Mwalimu, hujatuambia bara ni nini."

Mmemsikia? Hapa ningeshuka jukwaani nikakae, maana binti ameshaimaliza hotuba. Lakini Mwenyekiti amenipa saa nzima, na mimi si mtu wa kurudisha saa niliyopewa.

Niwatoe hofu kwanza. Hakuna aliyenyoosha mkono hapa akakosea. Wa saba wanahesabu kama wanavyofundishwa watoto wa China, India, Uingereza na Marekani: Afrika, Asia, Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Amerika ya Kusini, Australia na Antaktika. Wa sita ni wa namna mbili, na tukiwaweka chumba kimoja watagombana. Warusi hupata sita kwa kuiunganisha Ulaya na Asia kuwa Eurasia. Nchi nyingi zinazosema Kihispania huko Amerika hupata sita kwa kuzifanya Amerika mbili kuwa moja. Idadi ni ileile, orodha ni mbalimbali! Mzee wetu wa matano anasimama na bendera ya Olimpiki: pete tano alizozichora Pierre de Coubertin mwaka 1913 kwa ajili ya sehemu tano za dunia. Amerika humo ni moja, na Antaktika imeachwa kwa kuwa haina wanamichezo wa kuleta. Na huyu ndugu wa manne anafuata maji peke yake. Afrika, Asia na Ulaya kwake ni nchi kavu moja, Amerika moja, Australia, Antaktika. Basi.

Sasa tumjibu binti. Bara ni nini? Daftari linasema: eneo kubwa la nchi kavu lililozungukwa na maji. Haya, tulijaribu jibu hilo.

Kubwa kiasi gani? Australia ina kilomita za mraba milioni 7.7, nayo ni bara. Greenland ina takriban milioni 2.2, nayo ni kisiwa. Mstari umepita wapi kati ya mbili na saba? Hakuna aliyewahi kuupiga muhuri. Tumelikuta pengo kubwa kati ya Australia na Greenland, tukashukuru, tukaupitisha humo bila kusema uko kwenye namba gani.

Lililozungukwa na maji? Afrika na Asia zilishikana pale Suez tangu kale, hadi watu walipochimba mfereji uliofunguliwa mwaka 1869. Amerika mbili zilishikana pale Panama hadi mfereji wa pale ulipofunguliwa mwaka 1914. Kama mfereji ndio unaozaa bara, basi mabara yanaongezwa kwa sururu na koleo! Na Ulaya na Asia? Kwa maelfu ya kilomita za mpaka wao hata mfereji hakuna.

Na sisi wenye Kiswahili neno letu limebeba mzigo wa ziada. Bara ni nchi kavu isiyo kisiwa. Bara ni ndani, mbali na pwani; mtu wa pwani akisema fulani kaenda bara, hajasema kapanda ndege. Halafu tunayo Bara Hindi, jina linaloipa India heshima ambayo walimu wa jiografia wanainyima. Na Ulaya je? Neno hilo limetokana na wilaya ya Kiarabu, ndugu wa damu wa hii wilaya tunayoijua. Katika mazungumzo ya kawaida mtu huambiwa yuko Ulaya hata akiwa Chicago. Kwa upande mwingine Kiswahili kimetupa unafuu ambao wenzetu hawana: tunasema Marekani kwa nchi na Amerika kwa bara. Wenye Kihispania huudhika wakisikia raia wa nchi moja wakijiita Waamerika, kana kwamba jina la bara zima ni lao peke yao. Sisi ugomvi huo hatunao. Tuna mwingine.

Lakini msidhani wenye lugha nyingine walianza vizuri zaidi.

Walioanzisha majina haya walikuwa mabaharia. Mgiriki wa kale aliyekuwa katika Bahari ya Aegea aliona nchi upande wa mawio na nchi upande wa machweo. Ya mawio akaiita Asia, ya machweo akaiita Ulaya kwa jina lake la Kigiriki. Kwa mtu aliye chomboni mgawanyo huo ni wa kweli kabisa: maji katikati, nchi huku, nchi huku. Baadaye ikaongezwa Libya, jina lao la Afrika. Taabu ilianza walipotaka kuuvuta mstari ule hadi ndani ya nchi kavu, mahali ambapo hakuna chombo wala maji. Kusini wakachagua Mto Naili uwe mpaka wa Libya na Asia. Kaskazini wengine wakachagua mto Phasis, ambao leo ni Rioni huko Georgia, wengine mto Tanais, ambao leo ni Don.

Katika karne ya 5 kabla ya Kristo akaja Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, akawacheka. Aliuliza: kama Naili ndio mpaka, ile delta ya Misri iliyo kati ya matawi ya mto iko wapi? Haiko Asia, haiko Libya. Basi ihesabiwe kuwa sehemu ya nne! Akasema pia haelewi kwa nini ardhi iliyo moja imepewa majina matatu, tena yote ya wanawake. Na baada ya kucheka, mnajua alifanya nini? Akaendelea kuyatumia majina yaleyale, kwa kuwa ndiyo yaliyozoeleka. Miaka zaidi ya 2,400 imepita, na mimi mbele yenu nafanya vilevile.

Nataka tukae kidogo kwenye mpaka huu wa Ulaya na Asia, maana hapo ndipo pana hadithi ninayoipenda kuliko zote.

Mwaka 1709 jeshi la Uswidi lilipigwa na jeshi la Urusi huko Poltava. Miongoni mwa maofisa wa Uswidi waliotekwa alikuwamo Philip Johan von Strahlenberg. Alipelekwa Siberia, akakaa Tobolsk miaka mingi. Mfungwa mwingine angehesabu siku. Huyu akahesabu mito, milima, makabila na lugha. Amani ilipopatikana mwaka 1721 aliachiwa akarudi kwao, na mwaka 1730 akachapisha kitabu na ramani. Humo akapendekeza kwamba mpaka wa Ulaya na Asia usiwe tena mto Don, uwe Milima ya Ural.

Kwa nini pendekezo la mateka likapokelewa vizuri na nchi iliyomteka? Jiulizeni. Peter Mkuu, mfalme wa Urusi, alikuwa ametumia utawala wake wote kuifanya Urusi ihesabiwe miongoni mwa dola za Ulaya. Mpaka ukibaki kwenye mto Don, sehemu kubwa ya Urusi inaangukia Asia. Mpaka ukisogezwa mashariki hadi Ural, Urusi inapata upande wa Ulaya ulio mpana na upande wa Asia ulio mpana zaidi, mfano wa dola zile zenye makoloni ng'ambo, ila hapa ng'ambo yenyewe ni ya milima. Vasily Tatishchev, mtumishi wa Peter na mwanajiografia, baadaye alisema kuwa wazo hilo ni lake na kwamba yeye ndiye aliyemwambia Strahlenberg. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa waambaji walikuwa wawili kwenye ngoma moja.

Na hiyo Ural yenyewe ni ukuta gani? Mlima wake mrefu kuliko yote haufiki mita 1,900. Katikati pako chini kiasi kwamba reli inapita, na msafiri asipoonyeshwa mnara wa mpaka hajui kwamba amehama bara. Himalaya, ambazo zinamzuia mtu kweli kweli, hazijawahi kuwa mpaka wa bara. Je, ardhi ndiyo iliyosema, au waliosema ni watu?

Tena Ural inaishia. Kusini yake ni nyika hadi Bahari ya Kaspi. Hapo wengine hufuata Mto Ural, wengine mto Emba ulio mashariki zaidi. Baina ya Kaspi na Bahari Nyeusi ugomvi unaanza upya: wako wanaopitisha mpaka kwenye vilele vya Kaukazi, wako wanaoupitisha kaskazini zaidi, kwenye bonde la Kuma na Manych.

Mtasema, mwalimu, hayo ni ya wenye ramani, yanamhusu nani? Yanawahusu wapanda milima, tena sana.

Mwaka 1985 mfanyabiashara Mmarekani, Dick Bass, alifika kileleni Everest akiwa na umri wa miaka 55. Kwa hatua hiyo alikuwa amesimama juu ya mlima mrefu kuliko yote wa kila bara, wa kwanza duniani kufanya hivyo. Saba kati ya saba. Kwa Australia alikuwa amepanda Kosciuszko, mlima wa mita 2,228 ambao, niwaambie ukweli, ni matembezi ya Jumapili. Mwaka uliofuata Pat Morrow wa Kanada akakamilisha saba za kwake. Kosciuszko alikuwa ameshaupanda, lakini hakuuhesabu kuwa ndio mwisho. Alikwenda kisiwa cha Guinea Mpya akapanda Puncak Jaya, mita 4,884, jabali la kamba na kucha. Reinhold Messner naye akaifuata orodha hiyo. Tangu hapo wapanda milima wana orodha mbili, na mwenye busara na fedha hupanda vilele vyote viwili ili asiulizwe swali.

Sasa nani wa kwanza, Bass au Morrow? Jibu haliko kwenye miguu yao. Liko kwenye neno bara. Kama Australia ni ile nchi kavu iliyo peke yake baharini, Bass. Kama Australia inakwenda pamoja na Guinea Mpya, Morrow. Na ikiwa tunafuata dola, Puncak Jaya iko Indonesia, na Indonesia tunaiweka Asia. Mlima mmoja una mabara mawili, na haujasogea hata sentimita.

Nao wote wawili walipanda Elbrus, mita 5,642, kwa ajili ya Ulaya. Elbrus iko Kaukazi, upande wa kaskazini wa safu ile kubwa. Ukifuata mpaka wa vilele, Elbrus ni ya Ulaya. Ukifuata bonde la Kuma na Manych, imeangukia Asia, na taji linarudi Mont Blanc yenye mita kama 4,800. Mnakumbuka yule mateka wa Tobolsk? Watu wanaganda vidole kwenye Elbrus kwa sababu ya mstari ambao Waswidi na Warusi waliubishania wakiwa mezani.

Kuhusu Guinea Mpya, nisiwaache mkidhani Morrow alijitungia. Mwaka 1856 Alfred Russel Wallace, mtafiti wa wanyama kutoka Uingereza, alivuka kutoka kisiwa cha Bali kwenda kisiwa cha Lombok. Ni mlango wa bahari wa kilomita 20 hadi 40, siku ya hewa safi unaona ng'ambo. Bali alikuta ndege wa jamii ya Asia, vigong'ota na wenzao. Alipofika Lombok hakuwaona tena. Alikuta kasuku weupe wenye kishungi, jamii ya Australia. Akashangaa: ndege wana mabawa, mbona hawavuki? Baadaye ikaeleweka kwamba maji yale ni ya kina kirefu. Wakati wa enzi za barafu bahari iliposhuka, Bali iliungana na Asia, na Guinea Mpya ikaungana na Australia, lakini mlango ule ulibaki maji. Wanyama wanalijua bara lao. Hawakusoma atlasi, wala mpaka wao haufuati wa Umoja wa Mataifa.

Naona mwalimu mmoja wa sayansi anatikisa kichwa. Anataka kusema: acheni siasa na ndege, tuiulize dunia yenyewe. Tuulize mabamba!

Haya, tuulize. Alfred Wegener, Mjerumani, mtaalamu wa hali ya hewa, alisimama Frankfurt Januari 1912 akasema kwamba mabara yanatembea, na kwamba zamani yalikuwa nchi moja. Wanajiolojia wengi walimpinga, wengine kwa dharau, kwa sababu hakuweza kueleza nguvu inayoyasukuma. Alifariki Greenland mwaka 1930, kabla ya kusadikiwa. Ilibidi kungoja miaka ya 1960, sakafu ya bahari ilipopimwa, ndipo ikakubalika kwamba ganda la dunia limevunjika mabamba na mabamba hayo yanasogea. Wengi wakafurahi: sasa tumepata jibu la mabara! Bamba moja, bara moja!

Hatukupata. Ulaya na Asia zina bamba moja, hivyo Ural imeanguka mtihani. India ina bamba lake, Rasi ya Arabuni ina lake. Je, mko tayari kuziita mabara? Ncha ya mashariki kabisa ya Siberia imekaa kwenye bamba la Amerika ya Kaskazini. Iceland imekaa juu ya mabamba mawili yanayoachana. Na bamba kubwa kuliko yote, la Pasifiki, karibu lote ni maji. Afrika nayo inapasuka polepole kwenye Bonde la Ufa, milimita chache kwa mwaka, na bamba lake la mashariki lina jina lake tayari, la Somalia. Mtu akifuata mabamba kwa uaminifu atapata orodha ambayo hakuna mwalimu atakayeikubali.

Wanajiolojia wenyewe wana kipimo kingine, na hicho nakipenda zaidi. Wanatazama aina ya miamba. Ganda la mabara ni nene, kwa kawaida kilomita 30 hadi 40 na ushei, na limejaa miamba myepesi ya jamii ya graniti. Ganda la bahari ni jembamba, kilomita 7 hivi, la basalti nzito. Kwa kipimo hiki maji hayana neno. Bara linaweza kuwa bara huku limelowa.

Na lipo lililolowa. Mwaka 1995 Bruce Luyendyk alilipa jina Zealandia. Mwaka 2017 kundi la wanajiolojia lililoongozwa na Nick Mortimer likaandika hoja kamili: kuzunguka New Zealand na New Caledonia kuna kipande cha ganda la bara chenye kilomita za mraba milioni 4.9, na asilimia 94 yake iko chini ya bahari. Kina miamba ya bara, kimeinuka kuliko sakafu inayokizunguka, kina mipaka inayoonekana. Wakasema: hili ni bara. Sasa nani alipiga kura? Hakuna. Hakuna baraza la kusajili mabara. Sayari zina umoja wa wanaastronomia, ambao mwaka 2006 uliketi Prague ukaitoa Pluto kwenye orodha kwa kura. Mabara hayana ofisi. Zealandia inakubaliwa na anayeikubali.

Na upande wa pili wa hoja hiyo, Antaktika. Tukiondoa barafu leo, sehemu kubwa ya magharibi yake iko chini ya usawa wa bahari, tungeona visiwa. Zealandia tunainyima kwa sababu imefunikwa na maji, na Antaktika tunaikubali ikiwa imefunikwa na maji yaliyoganda. Mnaona tulivyo?

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipotaka kufika. Kila hesabu niliyoitaja inajibu swali lake. Baharia aliuliza: nikivuka nafika wapi? Wallace aliuliza: mnyama huyu ana ndugu wapi? Mwanajiolojia anauliza: mwamba huu umezaliwaje? Peter Mkuu aliuliza: nihesabiwe na nani? Kila mmoja alipata jibu zuri kwa swali lake. Vurugu inakuja tunapochukua jibu la mmoja tukalipeleka kwenye swali la mwingine, na jina likawa lilelile, bara.

Vurugu hiyo huwa na gharama? Huwa nayo. Julai 1987 Moroko iliomba kujiunga na Jumuiya ya Ulaya. Ikajibiwa hapana, kwa kuwa mkataba unasema mwombaji awe nchi ya Ulaya. Kati ya Moroko na Hispania kuna maji ya kilomita 14 tu pale Gibraltar, lakini maji ni maji, tukubali. Mwaka 2004 Cyprus ikaingia Umoja wa Ulaya. Mkiifungua ramani mtaikuta Cyprus kusini mwa Uturuki, karibu na Syria. Mji wake mkuu, Nicosia, uko mashariki zaidi ya Ankara. Takwimu za Umoja wa Mataifa zinaiweka Asia ya Magharibi. Sisemi Cyprus haikustahili. Nauliza tu: mkataba uliposema "nchi ya Ulaya", uliandika mpaka wapi? Haukuandika popote.

Na bado hamjasikia la Algeria. Mkataba wa Roma wa mwaka 1957, ulioanzisha Jumuiya hiyo, uliitaja Algeria kwa jina, kwa kuwa wakati ule Ufaransa iliihesabu kuwa sehemu yake. Hadi uhuru wa mwaka 1962, kipande kikubwa cha Afrika ya Kaskazini kilikuwa ndani ya Jumuiya ya Ulaya. Miaka 25 baadaye jirani yake wa magharibi akabisha hodi, akaambiwa yeye ni Mwafrika.

Wapenzi wa soka nao hawajasalimika. Kazakhstan ilihama kutoka shirikisho la Asia kwenda la Ulaya mwaka 2002. Australia ilitoka Oshania ikaingia Asia mwaka 2006, na mwaka 2015 Kombe la Asia lilichukuliwa na nani? Na Australia! Guyana na Suriname ziko Amerika ya Kusini, na zinacheza na wa Kaskazini. Hapo angalau kila mtu anajua ni mpira, hakuna anayekwenda kubadilisha atlasi.

La mwisho ni Amerika, moja au mbili. Sitakaa hapa sana. Mwaka 1507 Martin Waldseemüller alichora ramani akaandika jina America kwa heshima ya Amerigo Vespucci, aliyesema kwamba nchi zile si Asia. Columbus alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, bado akiamini amefika Asia. Kwenye ramani ya mwaka 1513 Waldseemüller mwenyewe aliliondoa jina hilo, lakini neno likitoka halirudi. Na swali la moja au mbili? Kwa muda mrefu sana kaskazini na kusini zilitenganishwa na bahari, kila upande na wanyama wake. Ukanda wa Panama ulipofunga, kama miaka milioni 3 iliyopita, wanyama wakapishana njiani: mababu wa llama wakashuka kusini, kakakuona wakapanda kaskazini. Anayesema mbili anakumbuka kabla ya kupishana. Anayesema moja anaanzia baada yake. Mimi nikibanwa nasema mbili, na Ulaya na Asia nasema ni moja, kwa hiyo ninapata sita za Warusi, na katika ukumbi huu nina wafuasi wachache wanaonyoosha nusunusu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimepokea swali moja la maandishi kutoka kwa mwalimu, nalijibu kisha nakaa. Anauliza: "Kitabu tunachotumia kinasema saba. Mwanafunzi akiandika sita kwenye mtihani, nimpe alama au nisimpe?"

Mwalimu, mwambie ayataje. Akiyataja sita akaiunganisha Ulaya na Asia, mpe alama. Akiyataja sita akazifanya Amerika kuwa moja, mpe alama. Akiyataja sita kwa sababu ameisahau Antaktika, mnyime.

Asanteni sana.